Koo Lilikuwa Zima, Kilichochoka ni Kichwa

Usiku ule nilipanda bajaji kutoka kanisani hadi nyumbani Ngamiani, Barabara ya 12. Nauli ilikuwa shilingi 2,000. Nikampa dereva noti ya elfu kumi, akanirudishia chenji, nikabaki nimesimama chini ya taa ya duka la jirani nikizitazama zile noti mkononi, nisijue kama zimetimia. Nilizihesabu mara tatu. Kijana wa watu akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?"

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Kutwa nzima kazi yangu ni kuhesabu vidonge na kurudisha chenji, na tangu nianze kazi sijawahi kushindwa kutoa elfu mbili kwenye elfu kumi. Koo langu lilikuwa zima, ningeweza kuimba saa nyingine nzima. Kilichokuwa kimekwisha ni kichwa. Tulikuwa tumetoka kuimba nyimbo 12, saa moja na dakika 40, bila karatasi mkononi.

Nilipojiunga na kwaya ya parokia yetu hapa Tanga niliambiwa mambo mengi. Niliambiwa habari za sare, michango, kuwahi mazoezi, kutokunywa maji ya baridi, kutafuna tangawizi. Hakuna aliyeniambia habari za kichwa. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya yule anayejiunga mwaka huu na baada ya miezi miwili atadhani ana kasoro.

Siku ya kupimwa sauti mwalimu alinipandisha na kinanda, ngazi kwa ngazi, hadi nikakwama. Akasema, "Sauti ya pili," yaani, kati ya sauti nne za kwaya, ile ya chini ya wanawake. Nilifurahi. Nilidhani sauti ya pili ni nyepesi kwa kuwa haipandi juu sana wala haishuki chini sana. Sikujua kwamba sauti ya kwanza ndiyo iliyobeba wimbo wenyewe, ule ambao hata mtoto aliyelala mgongoni anaujua, na sauti ya nne ina hatua zake nzito ambazo mguu unazifuata wenyewe. Sauti ya pili inapewa kilichobaki. Mstari mzima unaweza kuwa so so so so fa so. Hauna pa kuushika. Halafu, wakati unajitahidi kukaa kwenye hiyo so yako, pembeni kuna wanawake 14 wanaimba wimbo mtamu unaoupenda tangu utotoni, na sikio linataka kwenda huko. Ni kama kupita Soko la Mgandini asubuhi ya msongamano na beseni la maji limejaa kichwani, na kila kibanda kuna mtu anakuita kwa jina.

Karatasi zetu zimeandikwa kwa herufi, d r m f s l t, yaani do re mi fa so la ti, na nukta mbili za kugawa mapigo. Mfumo huo ulienezwa karne ya 19 na mchungaji wa Uingereza, John Curwen, aliyeuchukua kwa mwalimu Sarah Glover na kuutengeneza zaidi. Naushukuru sana, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kugusa piano anaweza kuusoma ndani ya miezi michache. Lakini kusoma ni jambo moja, na kusimama mbele ya watu bila karatasi ni jambo jingine.

Sasa nieleze kinachofanyika kichwani, maana anayekaa kwenye benchi anaona midomo tu. Chukua mstari mmoja, kama sekunde nne hivi. Natamka neno, huku nikitafuta neno linalofuata. Nashika nota yangu huku nikizuia isivutwe. Jicho liko kwenye mkono wa mwalimu, kwa sababu anaweza kupunguza mwendo wakati wowote. Sikio la kushoto linamsikiliza mama niliyesimama naye tulingane. Sikio la kulia linasubiri sauti ya tatu, maana wao ndio wanaotangulia kwenye kiitikio. Nagawa pumzi ifike mwisho wa mstari. Mguu unafuata hatua, kulia mara mbili, kushoto mara moja. Na uso unatakiwa kuonyesha furaha ya Ufufuko. Yote hayo ndani ya mstari mmoja, na wimbo una mistari 20.

Kosa langu lilitokea kwenye wimbo wa tisa, usiku uleule wa bajaji. Kabla ya "Aleluya" ya mwisho kuna kimya cha mapigo manne. Kwaya nzima inanyamaza, kinanda kinanyamaza. Mimi niliingia pigo la tatu. Peke yangu, kwa sauti kamili, kanisa limejaa hadi nje mlangoni. "A..." Nikaikata, lakini ilikuwa imeshatoka. Nakumbuka uso wa mtoto mmoja wa benchi la mbele aliyegeuka kumtazama mama yake. Nyimbo tatu zilizobaki niliimba kwa hofu hata sijui nilitoa nini.

Mazoezi ya Jumanne iliyofuata, mmoja wa viongozi wetu alisimama mbele ya watu 40 akasema kuna mtu ametuaibisha, na wote wakajua ni nani. Nililia njia nzima kurudi. Sikwenda mazoezini wiki mbili. Natamani kiongozi wa kwaya anayesoma hapa anisikie kwenye hili: yule mwimbaji tayari amejiadhibu kuliko utakavyoweza wewe, na ukimsimamisha hadharani utampata amerudi akiwa na jambo moja zaidi la kubeba kichwani, hofu. Na hofu inakula nafasi ileile anayoihitaji kuhesabu mapigo.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa sauti ya pili ambaye ameimba zaidi ya miaka 20. Alikuja dukani kununua dawa zake za presha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatukuoni?"

Nikaanza kujieleza, kwamba siko makini, kwamba hata kuhesabu hadi nne nimeshindwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Pale ulipoingia, ulikuwa unawaza nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa natafuta neno la kwanza la wimbo wa kumi. Tulikuwa hatujamaliza wa tisa, nami nilikuwa nimeshaondoka kwenda wa kumi, kwa sababu maneno yake sikuyaamini.

"Basi hukukosea kuhesabu," akasema. "Hukuwepo. Kakae na maneno."

Nilikwenda kukaa na maneno, na aliyenionyesha namna ya kukaa nayo ni jirani yetu, ustadhi anayefundisha madrasa nyuma ya nyumba yetu. Kila kipindi cha Maulidi kinapokaribia nasikia watoto wakifundishwa kaswida, na kwa miaka yote sikuwahi kusikiliza wanafundishwaje. Safari hii nilisikiliza. Siku tatu za mwanzo hawaimbi. Ustadhi anatamka mstari, wao wanaurudisha, mkavu, hauna sauti wala dufu, mara kumi, mara ishirini, hadi hakuna anayegugumia. Ndipo sauti inaingia. Dufu ni mwisho kabisa. Nikamuuliza nikiwa upande wangu wa ukuta, "Ustadhi, mbona hamuanzi na sauti, watoto wafurahie?" Akanijibu, "Ulimi ukigugumia, bibie, sauti itabeba nini?"

Sisi kwenye kwaya tulikuwa tunafanya kinyume. Tunashika nota kwa wiki tatu kwa la-la-la, maneno tunayabandika wiki ya mwisho. Kwa hiyo siku ya onyesho maneno ndiyo mapya kuliko vyote. Sasa mimi nayaanza maneno nyumbani, siku ileile nikipewa karatasi. Nayasema kwa mwendo wa wimbo, bila kuimba.

Kuna mtego kwenye maneno ambao umenikamata mara nyingi: beti zinazoanza sawa. Ubeti wa pili unaanza "Bwana amefanya", wa nne unaanza "Bwana amefanya", kisha zinaachana. Ukiingia wa nne kichwa kikiwa kimelegea, unajikuta umemaliza wa pili. Dawa niliyoipata ni kutokuanza mazoezi mwanzoni mwa wimbo kila siku. Mwanzo tunaujua wote kwa sababu ndio tunaourudia zaidi. Naanza kwenye njia panda. Nachukua maneno mawili ya mwisho ya kiitikio na neno la kwanza la ubeti unaofuata, narudia hapo tu. Maungio ndiyo yanayovunjika, katikati mara nyingi panajishikilia penyewe.

Kosa jingine nililifanya kwa simu. Mwalimu wetu hurekodi kila sauti peke yake na kututumia. Nilikuwa naweka spika za masikioni nikiwa njiani kwenda kazini, nasikiliza sauti ya pili tupu, mwezi mzima. Niliijua hata usingizini. Nikaenda kwenye mazoezi ya pamoja, sauti ya kwanza ikaanza, yangu ikayeyuka. Nilikuwa nimeijua nikiwa peke yangu tu. Tangu hapo, wiki ya kwanza nasikiliza yangu, wiki ya pili nasikiliza ya kwanza na kuimba yangu juu yake. Inaudhi, unavutwa, unarudi, unavutwa tena. Lakini uvutwe jikoni kwako, usivutwe mbele ya waumini.

Kipimo changu siku hizi ni mihogo. Nikiwa nakaanga mihogo ya jioni, mafuta yanachemka, mtoto ananiuliza swali la hesabu, nami naendelea na so so so so fa so bila kupotea, najua mstari huo umeshashuka kutoka kichwani kwenda mwilini. Mstari ambao bado unahitaji nizime jiko ndipo niukumbuke, huo siuamini. Nauwekea alama ya penseli. Siku ya onyesho kichwa hakitoshi kwa kila kitu, kwa hiyo kila kinachoweza kubebwa na mwili kishuke mapema, nafasi ibaki kwa kutazama na kusikiliza.

Pumzi nazo naziandika. Zamani nilipumua nilipoishiwa, na nilipoishiwa ni pale palipokuwa pabaya zaidi. Yule mama akanifundisha tupokezane. Kwenye nota ndefu yeye anapumua pigo la tatu, mimi la tano, na anayesikiliza hajui kama kuna aliyepumua. Tumekubaliana hata kwa kiwiko: akinigusa kidogo, anakwenda yeye. Mahali pengine tunatakiwa kupumua wote pamoja, na hapo nimekuja kupenda jambo nililolisoma baadaye. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mioyo ya vijana waliokuwa wakiimba pamoja, wakaona mapigo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo unazipanga pumzi na pumzi inauongoza moyo. Nilipolisoma nilikumbuka zile nyimbo chache ambazo nazimaliza bila kuchoka. Zote ni zile ambazo mstari wetu mzima unapumua kama mtu mmoja.

Gharama za mfukoni nizitaje, maana watu huficha. Kitenge cha sare kilinigharimu 38,000 na ushonaji 20,000. Wiki mbili za mwisho kabla ya onyesho mazoezi ni kila jioni, saa 11 hadi saa 2 usiku, na usiku ule siwezi kutegemea daladala, ni bajaji. Ukiongeza mchango wa vyombo vya muziki, mwezi ule nilitumia zaidi ya laki moja na nusu. Nilikuwa sijamwambia mume wangu, akaja kugundua kwenye hesabu ya matumizi, tukakosana. Umwambie mapema mwenzako.

Iliyoniuma zaidi haikuwa pesa. Wiki ya mwisho kabla ya lile onyesho la kwanza, mwanangu aliniambia mara mbili kwamba anahitaji daftari jipya la Kiswahili. Nilimjibu "sawa, baba" mara zote mbili, midomo yangu ikiimba. Ijumaa alirudi ameandika kazi yake nyuma ya daftari la sayansi, akaniambia tu, "Mama, nilikuambia." Mume wangu naye alisema, bila hasira, "Mwili wako uko hapa, kichwa kiko kwaya." Ilikuwa kweli. Nyimbo ambazo hazijakaa hazikuachi ukifunga karatasi, zinajirudia zenyewe usiku kucha na zinachukua nafasi ya mambo ya watu wengine. Sasa wiki hiyo mambo ya nyumbani naandika kwenye kalenda ya ukutani, na mtoto anaruhusiwa kuandika mwenyewe.

Niseme pia kuhusu siku ya mwisho, kwa walimu wa kwaya. Mkesha wa onyesho lile tulifanya mazoezi kwa muda wa saa sita. Kesho yake, dakika 20 kabla ya kuingia, tukiwa tumepanga mstari nje ya sakristia, tukaambiwa mwisho wa wimbo wa saba umebadilika, turudie mara mbili badala ya tatu. Inaonekana ni jambo dogo. Lakini mara tatu ilikuwa imeshakaa mwilini, na mwili hauambiwi jambo mlangoni ukasikia. Tangu wimbo wa kwanza hadi wa saba nilikuwa nimeishikilia ile "mbili, si tatu" kama mtu aliyefungiwa uzi kidoleni. Nina hakika sehemu ya makosa yangu ya wimbo wa tisa ilianzia pale. Mwaka uliofuata tuliomba kwenye kikao isibadilishwe kitu siku tatu za mwisho, na mkesha tuimbe mara moja tu tukalale. Wakakubali.

Onyesho la mwaka huo liliangukia Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kanisa letu ni la bati. Tulipofika wimbo wa tano mvua ikashuka, ile ya Tanga inayotoka baharini bila hodi. Sikusikia tena sauti ya tatu. Sikumsikia hata mama wa pembeni yangu. Kinanda kilikuwa upande wa pili, kama mita 17 kutoka tuliposimama, na hata pasipo mvua sauti inayotoka umbali huo inakufikia ikiwa imechelewa moja ya ishirini ya sekunde. Ukiifuata kwa sikio, kwaya nzima inaburuta. Na mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hilo mwaka 1911 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Tuliongeza. Sauti ya kwanza ikaongeza, ya nne ikaongeza, mwendo ukaanza kukimbia.

Kiwiko kikanigusa. Nikadhani ni pumzi. Nikamtazama, akanipa ishara kwa jicho: mkono. Akashusha sauti yake. Nikashusha yangu, jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye kwaya, kwa sababu nilipopunguza sikujisikia kabisa. Niliimba nikiwa kiziwi. Nilijua niko kwenye so kwa vile koo lilivyokaa, kama unavyojua gizani kwamba umeshika kijiko. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. Mguu ulikuwa unakwenda wenyewe. Nikawa na kazi moja tu, mkono wa mwalimu, na nilipoutazama bila kutafuta kitu kingine niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona mwaka mzima: kabla ya kila mwingilio anavuta pumzi pamoja nasi, na kidole chake kidogo kinafunguka.

Mvua ilikatika ghafla kwenye ubeti wa tatu. Sauti zilizokuwa zinapiga kelele zikabaki uchi, zikashtuka, zikashuka zote kwa pamoja hadi karibu na mnong'ono, na mwalimu akaziacha hukohuko chini. Ubeti ule tuliuimba hivyo hadi mwisho. Kulikuwa na maji yanadondoka kwenye mapipa nje, na kwaya ya watu 40 inaimba polepole juu yake. Nilisikia sauti nne, kila moja mahali pake, na yangu ndani yake.

Kimya cha mapigo manne kilikuwepo tena mwaka huo, wimbo wa mwisho. Nilihesabu kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu.

Nilipofika nyumbani nililala na sare. Kesho yake nilifungua duka saa 4 badala ya saa 2, ruhusa niliiomba wiki moja kabla. Wateja wa kwanza wawili nilimwomba mwenzangu awahudumie yeye, mimi nikapanga boksi za dawa kwenye rafu hadi kichwa kikarudi.